Neno na Majira Yake

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazopigana. Moja yasema, Haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema, Ngojangoja huumiza matumbo. Je, kiongozi mwenye uamuzi mkubwa wa kuwatangazia watu afuate ipi? Tutazame mambo mawili yaliyotokea katika nchi yetu.

Mwezi wa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha tangu tarehe 26 hata 29, ikapitisha Azimio la Arusha. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari, na kesho yake Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba mabenki ni mali ya umma. Mbona upesi namna ile? Fikiri mwenyewe: kama wenye mabenki wangalipewa habari miezi mitatu mbele, fedha zingalibaki nchini? Atakaye kunasa panya hapigi ngoma.

Jambo la pili ni la vijiji. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi kijijini si hiari tena bali ni amri, na kila mtu awe amehamia ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Muda ulitolewa, lakini wakubwa wengi wa mikoa na wilaya walishindana kumaliza mapema. Mahali pengine watu walipakiwa katika malori mazao yakiwa bado shambani, au mvua ikiwa karibu na shamba jipya halijafyekwa. Ukame nao ulikuwapo, na katika miaka ya 1974 na 1975 serikali ililazimika kuagiza chakula kingi kutoka ng'ambo.

Mwaona tofauti? Uamuzi wa mabenki ulitimizwa maofisini, na kimya kiliusaidia. Uamuzi wa vijiji ulitakiwa utimizwe na mikono ya wakulima wenyewe. Na mtu atakayebeba mzigo hana budi kuambiwa mapema uzito wake na njia yake.

Basi, ninyi wenyeviti, walimu wakuu na viongozi wa ushirika hapa Dumila, lipimeni jambo hili. Mchango wa darasa ukidaiwa Machi, masika inaanza, fedha imekwisha kwa mbegu na ghala ni tupu, baba mwenye nyumba atauza nini? Tangazeni Machi, mkusanye Agosti, mahindi yakiwa yamevunwa. Tena sheria yataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu. Ukipita mwaka bila mkutano, habari za mashamba zitasikiwa kwanza vibandani penye njia panda ya Kilosa, zikiwa zimeongezwa chumvi. Mkulima na mfugaji watatazamana kwa jicho baya kabla kiongozi hajafungua kinywa.

Nanyi akina baba na akina mama, msiondoke mkutanoni kimya. Ulizeni kwa heshima: uamuzi huu ulifanywa lini, na kwa nini twaambiwa leo? Kama siri ililinda mali ya wote, mshukuruni aliyeitunza. Kama ililinda kiongozi asiulizwe maswali, mwambieni wazi kwamba hamkuridhika, kisha mwulizeni lini mtakutana tena.