Nani anapima barafu ya Ruwenzori upande wetu?

Siku ambayo mawingu yameondoka, mkaaji wa Mutwanga akiinua macho anaona weupe juu ya Ruwenzori. Ndugu zetu Bakonzo wanauita nzururu. Ni barafu ya kweli, karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwenye mpaka wa inchi yetu na Uganda.

Redioni tunasikia habari za wanasayansi wanaopanda meli kwenda kwenye ncha za dunia ili kupima barafu na kuhesabu samaki na ndege wa bahari ile ya baridi. Wengi wetu tunaona hayo ni mambo ya mbali yasiyotuhusu. Lakini swali wanalouliza kule liko pia juu ya vichwa vyetu: barafu ikiisha, viumbe vilivyozoea baridi vitakwenda wapi, na maji yatakuwaje?

Mwaka 1906, mwana mfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipanda milima hii na kuichorea ramani. Kwa hesabu za wataalamu, wakati ule barafu ilifunika karibu kilomita za mraba 6.5. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Waliotoa hesabu hiyo mwaka 2006, watafiti kutoka Uingereza na Uganda, walisema joto ndilo linaloiyeyusha. Wataalamu wengine wakawapinga, wakasema kupungua kwa unyevu na mawingu kuna sehemu kubwa. Ubishi huo ulikuwa mgumu kumalizika kwa sababu moja kubwa: vipimo vya hali ya hewa vya kule juu vilikuwa vichache mno.

Hapo ndipo aibu yetu ilipo. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, ni chetu pia. Mwaka 1932 Wabelgiji walituma wanasayansi kupanda kwa upande huu wa magharibi. Lakini karibu kila tunachokijua leo juu ya barafu hii kimepimwa na watu waliopandia Uganda.

Matokeo yake ni kwamba tunaishi kwa uvumi. Kuna wanaosema barafu ikiisha mito yetu itakauka. Watafiti waliopima mto Mubuku, upande wa Uganda, walikuta kwamba maji ya barafu ni sehemu ndogo sana ya mto, chini ya asilimia 2. Mto unalishwa hasa na mvua, na maji hayo yanashikwa na vinamasi na msitu wa mlimani. Basi anayekata msitu anaweza kuudhuru mto kuliko barafu inayoyeyuka. Lakini je, mto Butahu wetu nao uko hivyo? Tusikisie. Upimwe, kwa sababu kuna wakulima wa kakao na kahawa wanaotegemea mvua na mito ya mlima huu, na Mutwanga kuna umeme unaozalishwa kwa nguvu ya maji yake.

Najua jibu litakalotolewa: watu wanauawa Beni tangu Oktoba 2014, wengine wamekimbia mashamba yao, na wewe unatuletea habari za barafu? Swali hilo lina haki. Hakuna anayepaswa kumtuma mwanafunzi mahali ambapo askari mwenyewe anapita kwa hofu. Usalama ndio wa kwanza. Lakini mlima hausubiri vita viishe, na kipimo ambacho hakikuchukuliwa mwaka huu hakitapatikana tena mwaka ujao.

Tena si kila kazi inadai kupanda mpaka kileleni. Chombo cha kupima mvua kinaweza kuwekwa katika uwanja wa shule, mwalimu na wanafunzi wakaandika kila asubuhi. Ubao wenye alama unaweza kusimamishwa mtoni kuonyesha maji yamepanda au yameshuka. Picha ya mlima ikipigwa kila mwezi kutoka mahali palepale Mutwanga, baada ya miaka mitano itakuwa ushahidi. Wazee na waongoza wageni wa zamani waulizwe barafu ilifika wapi walipokuwa vijana, na maneno yao yaandikwe.

Kazi hii ina wenyewe. Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben na Chuo Kikuu cha Serikali cha Ruwenzori, ambacho kimebeba hata jina la mlima. Kuna ICCN, inayosimamia mbuga ya Virunga, na Mettelsat, yenye jukumu la hali ya hewa. Wakae meza moja, wagawane kazi, na waombe wenzao wa Uganda wawafundishe walichokwisha kujifunza.

Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu zilizo katika maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika huenda zikatoweka kufikia mwaka 2050. Mtoto anayezaliwa leo Mutwanga atakuwa kijana tu wakati huo. Akituuliza mlima ulikuwaje, tusimpe hadithi peke yake. Tumpe pia daftari la vipimo tulivyochukua sisi wenyewe.