Tarakimu Nyingi Si Ushahidi wa Usahihi

Watu wengi hudhani kwamba saa iliyomo ndani ya kompyuta haikosei, kwa kuwa huonyesha tarakimu nyingi baada ya nukta. Dhana hiyo yafaa isahihishwe, hasa katika maabara za shule.

Kompyuta haiuoni wakati ukipita. Huhesabu mapigo tu. Katika IBM PC ya mwaka 1981, kihesabuji kilipiga mara 1,193,182 kwa sekunde, lakini saa ya kawaida ya mfumo ilisogezwa mara moja tu kwa kila mapigo 65,536. Kwa hiyo saa hiyo iliruka hatua za milisekunde 55 hivi. Katika Windows za jamii ya NT, hatua ya kawaida ni milisekunde 15.6.

Jiwe linaloangushwa kutoka kimo cha meta 1 hufika chini kwa sekunde 0.45. Kosa la milisekunde 55 ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya muda huo. Na kwa kuwa muda huzidishwa kwa wenyewe katika kukokotoa mchapuko wa mvutano wa dunia, kosa la jibu hukaribia robo. Mwalimu humlaumu mwanafunzi, ilhali mkosaji ni saa. Baya zaidi, mwanafunzi hushawishika kubadili tarakimu zake kwa siri ili zilingane na kitabu.

Dawa ipo. Windows ina kazi iitwayo QueryPerformanceCounter, ambayo katika kompyuta nyingi za Windows 10 huhesabu mara 10,000,000 kwa sekunde. Programu huisoma mara mbili, hutoa, kisha hugawanya kwa idadi ya mapigo ya sekunde moja. Hata hivyo, hatua ndogo haiondoi ucheleweshaji: mfumo huhudumia programu nyingi kwa zamu, na ishara ya jaribio huweza kungoja. Wala si busara kuiharakisha saa ya kawaida bila sababu, maana kuiamsha kompyuta mara nyingi zaidi hula betri.

Hapana budi, basi, kila ripoti ya jaribio itaje hatua ya saa iliyotumika. Wanafunzi waweza kuitafuta wenyewe: waisome saa mfululizo na kuandika mruko mdogo kuliko yote. Tarakimu zilizo ndogo kuliko mruko huo zisiandikwe. Jibu lenye tarakimu mbili za kweli lina thamani kuliko lenye tarakimu saba za kubahatisha.