Wenye Mitumbwi Waulizwe Kwanza



Mashindano ya mitumbwi siku hizi yanapendwa hata na sisi wa Dodoma tunaojulikana zaidi kwa zabibu na ukame. Najua wapo wasomaji watakaocheka na kuuliza mitumbwi ya Dodoma inaelea juu ya nini. Wakumbuke bwawa la Mtera, kwenye Mto Ruaha Mkuu mpakani na Mkoa wa Iringa. Lilijengwa kwa ajili ya umeme, lakini lilituletea pia perege, wavuvi, na watoto wanaojua kupiga kasia kabla ya kujua kusoma. Baadhi ya watoto hao nawafundisha mimi.

Sikukuu moja iliyopita yaliandaliwa mashindano huku kwetu. Kila mtumbwi ulilipiwa kiingilio, na mshindi aliahidiwa mbuzi na fedha kidogo. Hakuna aliyeulizwa ana nini ndani ya mtumbwi wake. Upepo wa mchana, ambao katika nyanda hizi hauna simile, ulianza kuvuma kabla mitumbwi haijageuza. Mmoja ukajaa maji ukapinduka. Vijana watatu, na mmoja wao nilimfundisha darasa la nne, walining'inia kwenye mtumbwi ule kwa muda ambao sisi tuliokuwa ufukoni tuliuona kama saa nzima, mpaka walipofikiwa na mtumbwi uliokuwa nyuma ya wote. Hakuna hata mmoja wao aliyevaa jaketi la kujiokolea. Mwenye mtumbwi alikuwa nyumbani kwake. Alipofika jioni, jambo la kwanza aliloulizia ni kama mbao zimepasuka.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika uvuvi wetu mwenye chombo mara nyingi si yule anayepiga kasia. Yeye hutoa mtumbwi na nyavu, vijana hutoa mikono yao, na mapato hugawanywa. Katika mashindano nayo zawadi hugawanywa hivyo hivyo. Lakini hatari haigawanywi, inabaki yote kwa vijana.

Wenzetu wa vilabu vya mashua za tanga (hapa nchini kimojawapo kipo Dar es Salaam tangu mwaka 1933) hushindana kwa sheria za kimataifa, na nimezisoma kwa makini. Zinasema kila chombo kiwe na vifaa vya kuokolea maisha vinavyowatosha wote waliomo, na kimojawapo kiwe tayari kutumika papo hapo. Zinasema mshindani akimwona mtu yu hatarini ni lazima amsaidie kadiri awezavyo, hata kama alikuwa anaongoza. Uamuzi wa kuingia majini au kuacha ni wa chombo chenyewe, hausukumizwi kwa waandalizi. Na mwenye mashua ndiye anayebanwa kuhakikisha kwamba chombo chake kimetunzwa kama kilivyopimwa na hati yake haijapitwa na wakati. Vilabu vingi huongeza sharti la bima, ili ukimgonga mwenzako asibaki analia peke yake.

Nilipoyaeleza haya kwenye baraza, mzee mmoja alinijibu kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Kwa heshima zote sikubaliani naye. Mwezi Agosti 1979, katika mashindano yaitwayo Fastnet yanayoanzia Uingereza kuelekea Ireland, mashua 303 zilikutwa na dhoruba na wanamaji 15 wa mashindano hayo wakapoteza maisha. Hao walikuwa na fedha na mashua nzuri kuliko tutakazopata sisi. Uchunguzi ulifanywa, na masharti ya vifaa yakakazwa. Nasi tunayo misiba yetu. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 wakafa watu zaidi ya 220. Hayo hayakuwa mashindano, lakini swali ni lile lile: nani mwenye ubavu wa kusema chombo hiki leo hakiondoki?

Kwa maoni yangu, mwenye mtumbwi asipokewe kiingilio chake mpaka aje mwenyewe na namba ya usajili pamoja na leseni yake, maana vyombo vya uvuvi vinatakiwa kuwa navyo kisheria. Aonyeshe majaketi sawasawa na idadi ya watu atakaowapakia, kasia la akiba, kamba, na kopo la kutolea maji lililofungwa ili lisielee likaenda zake. Kisha siku ya mashindano awepo ufukoni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anayekagua asiwe mtu wa kamati inayopokea fedha. Tunaye afisa uvuvi, na lipo Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) ambalo usalama wa vyombo vya majini ni kazi yake.

Wapo wanaosema majaketi ni ghali, na kweli si rahisi. Lakini kiingilio cha mwaka mmoja kingeweza kununua machache ya kijiji yakatunzwa ofisini na kuazimwa. Na lipo jambo lisilohitaji fedha nyingi, ambalo nimewafundisha wanafunzi wangu kwa vitendo. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara huweza kushikilia karibu kilo 20 juu ya maji. Ukiyafunga mawili mbele na mawili nyuma, mtumbwi uliojaa maji hauendi chini, na watu wanapata pa kushika. Hayo hayawi badala ya jaketi, kwani mtu aliyechoka mikono huachia.

Kiingilio cha mwaka huu kimekwisha kuanza kukusanywa. Nilikwenda kuuliza mtumbwi wa injini wa uokoaji utakaa upande gani wa bwawa siku hiyo. Nikajibiwa kwamba mwalimu asiwatie watu hofu.

Mwalimu wa Kijijini,
Mtera, Dodoma.