Waliolisha Jeshi Nao Walikuwa Jeshi
Na Salma Kibwana

Mapinduzi ya Mexico ya 1910 hadi 1920 yametuachia majina ya wanaume wa farasi na bunduki: Francisco Villa kaskazini, Emiliano Zapata kusini. Lakini jeshi la serikali lililopambana nao halikuwa na idara ya chakula ya kutegemewa. Askari alipewa ujira wake, kula akajijua mwenyewe. Pengo hilo lilizibwa na wanawake walioitwa soldadera. Walitafuta kuni na maji, wakapiga magoti kwenye jiwe la kusagia, wakasaga mahindi yaliyolowekwa kwa chokaa na kuoka tortilla. Jiwe hilo zito walilibeba wenyewe, pamoja na blanketi na mtoto. Walifunga majeraha, na wapo walioshika bunduki mume alipoanguka.

Ushahidi uko Ojinaga. Villa alipouteka mji huo Januari 1914, askari wa serikali walivuka mto Rio Grande wakaangukia mikononi mwa jeshi la Marekani. Wanajeshi walizidi 3,000. Wanawake walizidi 1,000, tena wakiwa na mamia ya watoto. Hesabu hiyo si ya watu waliojifuatia msafara tu. Ni idara nzima ya jeshi, isiyokuwa na cheo wala mshahara.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba wengi wao walitekwa, hawakujiunga kwa hiari. Ni kweli, na ukatili huo usifichwe. Lakini hata askari wengi wa serikali walikamatwa kwa nguvu wakatiwa jeshini, na hakuna anayewanyima jina la askari. Kwa nini hiari iwe sharti kwa mwanamke peke yake? Wengine husema walichelewesha vikosi, na Villa mwenyewe hakuwataka katika wapandafarasi wake wa mbio. Villa aliweza kusema hivyo kwa sababu alikuwa na treni na bidhaa kutoka ng'ambo ya mpaka; hata hivyo, juu ya mabehewa yake walisafiri wanawake na majiko yao.

Mwaka 1925 waziri wa vita, Joaquín Amaro, aliwafukuza kambini akiwalaumu kwa maradhi, uhalifu na vurugu. Jeshi lilikuwa limeanza kujijengea huduma zake, likawatupa waliolilisha lilipokuwa halina kitu. Wengi wao walizeeka bila pensheni, na hiyo ni dhuluma ambayo mwanahistoria yeyote anayeandika habari za majeshi hayo anapaswa kuitaja kwa jina lake.