Tovuti ya Tawi Isiwe Mali ya Fundi

Makamanda, karibu kila grupu la WhatsApp la vijana nililomo siku hizi lina mjadala uleule: tawi letu lifungue tovuti, sawa, lakini kwa kutumia programu gani? Mmoja anasema Wix kwa sababu inavutia. Mwingine anasema WordPress kwa sababu ndiyo inayotumika sana. Wa tatu anasema tuache kupoteza muda, Facebook inatosha. Mimi nina msimamo wangu na leo nauweka mezani, anayepinga anipinge kwa hoja.

Kwa tawi linaloanza, programu nzuri ya kujengea tovuti ni ile ambayo katibu mwenezi anaweza kuitumia mwenyewe bila kumpigia simu fundi, tawi linamudu kuilipia hata mwaka wa pili, na siku tukitaka kuhama tunahama na vitu vyetu vyote. Uzuri wa templeti uje baadaye.

Nianze na wenzangu wa "Facebook inatosha". Nawaelewa, wananchi wengi wako huko na tusiwaache. Lakini jiulizeni: uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, wagombea wetu wangapi walienguliwa katika kata yako, na kila mmoja alipewa sababu gani? Barua ziko wapi leo? Kiukweli ziko kwenye simu za watu, zimepigwa picha zikatumwa kwenye magrupu, na simu nyingine zimeshaibiwa au kufa. Mwandishi wa habari au mwanasheria akizitaka, tunaanza kuulizana nani anazo. Mitandao ya kijamii ni kijiwe. Kijiweni watu wanapiga stori, wanacheka, wanaondoka. Huwezi kuweka kabati la mafaili kijiweni.

Tena kijiwe chenyewe kinafungwa. Oktoba 2020 wakati wa uchaguzi mkuu, Twitter haikupatikana nchini bila VPN. Mei 2025 mtandao huohuo, sasa ukiitwa X, ukafungwa tena. Tusidanganyane, tovuti nayo inaweza kuzuiwa. Tofauti ni kwamba ukiwa na jina lako mwenyewe na nakala ya kila ulichoandika, unaweza kufungua mahali pengine ukaendelea. Kazi yako ikikaa kwenye ukurasa wa Facebook peke yake, siku ukurasa ukiondoka unaanza upya.

Sasa hatari ya pili, na hii haitoki serikalini, inatoka kwetu wenyewe. Kuna tawi moja ninalolifahamu vizuri. Wanachama walichangishana, wakampa kazi kijana mmoja fundi. Akasajili jina la tovuti kwa barua pepe yake binafsi, nywila akabaki nazo yeye. Kazi ilikuwa nzuri tu. Baadaye akahamia mkoa mwingine, akabadilisha laini. Katibu akitaka kuweka tangazo la mkutano, hana pa kuingilia. Mwaka ulipoisha hakuna aliyelipia jina, tovuti ikazimika. Wanachama walikuwa wamejenga nyumba kwa hela yao, hati ikaandikwa jina la fundi.

Kwa hiyo tuzipime programu zenyewe kwa vipimo hivyo.

Wix ni rahisi, sikatai. Unaburuta picha, unaidondosha unapotaka, ndani ya siku moja tovuti inaonekana. Lakini kifurushi cha bure kinabandika matangazo yao na hakikuruhusu kutumia jina lako. Kubwa zaidi, tovuti uliyoijenga Wix huwezi kuibeba nzima ukaipeleka kwa mwenye seva mwingine. Ukishindwa kulipa au ukitaka kuhama, unanakili ukurasa mmoja mmoja kwa mkono. Kwa duka la nguo labda haina shida. Kwa tawi linalotunza kumbukumbu, mimi nasema hapana.

WordPress ilianza mwaka 2003 na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Hapa wanaoanza wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu jina moja limebeba vitu viwili. Kuna WordPress.com, ambako wao wanakutunzia kila kitu, na kuna programu ya WordPress inayopatikana bure WordPress.org, ambayo unaiweka mwenyewe kwenye seva unayoikodi. Hiyo ya pili ndiyo yenye uhuru mkubwa, lakini inadai matunzo: usipoisasisha mara kwa mara, wahuni wanaingia. Tawi lisilo na mtu wa kuifanya kazi hiyo kila mwezi lisiikimbilie.

Blogger inadharauliwa kwa kuwa ni ya zamani. Ni kweli ni mzee, ilianza mwaka 1999 na Google wakainunua 2003. Lakini angalia inachompa tawi maskini: haulipii nafasi, unaunganisha jina lako mwenyewe bila Google kukudai hata shilingi, unaandika kwa simu, na unaweza kupakua nakala ya maandishi yako yote. Tena WordPress ina zana ya kupokea maandishi yaliyotoka Blogger, kwa hiyo tawi likikua, mlango wa kutokea upo.

Ushauri wangu basi ni huu. Tawi lisilo na hela lianze na Blogger, gharama yake iwe jina la tovuti tu. Tawi lenye kijana anayejua na kabajeti kadogo lichukue WordPress kwenye seva ya kukodi. Na popote mtakapokuwa, pakueni nakala kila mwezi, kwa sababu kampuni kubwa nazo hufunga milango: Yahoo waliifunga GeoCities mwaka 2009 na kurasa za watu wengi zikapotea, Google nao wakaizima Google+ mwaka 2019.

Kuhusu bei, ulizeni bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipa ya kwanza. Wauzaji wengi hutoa punguzo la kukuvuta, halafu muda wa kulipia tena ukifika bei inapanda, na ndipo matawi mengi yanapokwama.

Jambo lingine ni bando. Mwananchi wetu anafungua tovuti kwa simu, kwa bando la kuunga. Picha za mkutano zinazotoka kwenye kamera moja kwa moja ni nzito, zipunguzwe kwanza. Ijaribuni tovuti kwenye simu ya bei rahisi kuliko zote kijiweni. Ikichelewa kufunguka hapo, kwa wananchi wetu ni sawa na haipo.

Na msisahau sheria. Kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wajisajili kwa ada zilizofika zaidi ya shilingi milioni 2, na Juni mwaka huo JamiiForums wakalazimika kujizima kwa muda. Kanuni ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Mimi naziona ni mzigo kwa vijana na zinapaswa kupingwa, lakini kupinga si sawa na kutozijua. Kabla ya kuchapisha habari za kila siku, mwanasheria wa chama aulizwe tawi linaangukia wapi.

Mwisho, nawaomba makatibu wabebe hoja hii kwenye kikao kijacho na iingie kwenye muhtasari: jina la tovuti lisajiliwe kwa barua pepe ya tawi, si ya mtu. Nywila wazijue viongozi wawili au watatu, na zibadilishwe kila uongozi unapobadilika. Tarehe ya kulipia iandikwe kwenye kalenda ya ofisi. Fundi alipwe haki yake, ashukuruwe, akabidhi funguo. Haya hayahitaji mtaalamu wala mfadhili. Yanahitaji kikao kimoja, na barua za wagombea wetu zina haki ya kupata mahali pa kukaa.