Njahi za Mama Mzazi

Mkaza mwana wako akirudi kutoka hospitali na mtoto mchanga, utamwandalia nini? Chai na mkate wa dukani?

Kwa Wakikuyu wa miteremko ya Mlima Kenya, jibu lilikuwa moja: njahi, zile nyeusi zenye mstari mweupe. Walizithamini mno hata Kilimambogo, ulio karibu na Thika, wakauita mlima wa njahi.

Zilichemshwa zikalainika, zikapondwa pamoja na ndizi mbivu, na mzazi akateremshia kwa uji wa wimbi uliochachushwa. Haikuwa anasa. Anayenyonyesha anahitaji protini na madini ya chuma, na njahi zinavyo.

Lakini tahadhari, zikiwa mbichi zina sumu. Ziroweke usiku kucha, umwage maji hayo, uzichemshe, umwage na maji ya kwanza, kisha uziache ziive taratibu.

Ni kweli bei yake hushinda ya maharagwe ya kawaida. Hata hivyo, gorogoro moja humlisha mzazi siku kadhaa. Na ile muratina ya asali? Waachie wazee wanaokuja kumwona mtoto, anayenyonyesha asiiguse.