Karatasi ambazo Gabriele hakuzitupa

Katika makaburi ya kanisa la Murnau, mji mdogo chini ya milima ya Alps kusini mwa Ujerumani, amezikwa mchoraji Gabriele Münter, aliyefariki mwaka 1962. Hakuacha mtoto. Lakini mzazi aliyechoka kuokota sakafuni michoro ya vichwa visivyo na shingo angekuwa na la kuzungumza naye.

Yeye na mwenzake, Wassily Kandinsky, walikusanya michoro ya watoto kama wengine wanavyokusanya stempu. Münter aliketi akainakili mingine kwa rangi. Mchoraji mwenye jina, akijifunza kwa mtoto! Mwaka 1912 Kandinsky na Franz Marc (naye amezikwa Kochel, si mbali na hapo) walichapisha kitabu ambamo michoro ya watoto ilikaa pamoja na kazi za mabingwa.

Wanazi walipoingia madarakani waliipiga vita sanaa ya namna hiyo. Münter akazificha picha katika chumba cha chini cha nyumba yake hadi vita vikaisha. Mwaka 1957, alipotimiza miaka 80, aliikabidhi makumbusho ya Lenbachhaus, Munich, kazi zaidi ya 1,000.

Ile michoro ya watoto nayo ipo hadi leo.